Vya kale vya kuokota: Bei ipo, hati hakuna

Mvua kubwa inapopita, au bahari inapokula ukingo wa ufuko wenye magofu, shanga, vigae vya China na sarafu za shaba hujitokeza juu ya mchanga. Mwokotaji huona riziki. Muuza vinyago huona bidhaa. Sheria huona jambo jingine.

Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Vitu vyenye thamani ya kiakiolojia vilivyogunduliwa baada ya sheria hiyo kuanza ni mali ya Serikali, hata kama vimeokotwa bila jembe. Aliyegundua ana siku 7 za kutoa taarifa na kukabidhi kitu hicho Makumbusho ya Taifa. Kufanya biashara ya vitu vya kale kunahitaji leseni. Kuvisafirisha nje kunahitaji kibali.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda masalia yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Wauza samani nao wajihadhari: milango ya nakshi iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1940 imo katika ulinzi huo.

Uingereza imefuata njia nyingine. Chini ya Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, makumbusho yakitaka kitu kilichotambuliwa kuwa hazina, hulipa bei ya soko, ambayo kwa kawaida hugawanywa kati ya aliyekiokota na mwenye shamba. Malipo hayo humpa mwokotaji sababu ya kutoa taarifa. Pasipo motisha ya namna hiyo, mwokotaji hushawishika kunyamaza na kumtafuta mchuuzi.

Hasara humwangukia mnunuzi. Asiye mwenye mali hawezi kumhamishia mwingine umiliki, hivyo mzigo ukikamatwa mtaji umekwenda. Aidha, kigae kilichoondolewa mahali pake bila kumbukumbu hupoteza sehemu kubwa ya maelezo yake kwa watafiti.

Kwa mwenye duka, faida salama iko kwenye nakala mpya za mafundi, zilizoandikwa wazi kuwa ni nakala. Anayeuziwa cha kale aulize kwanza karatasi, kisha bei.