Si chawa, ni kupe

Msomaji wetu wa Rumonge, mfugaji wa tilapia, anauliza: vidude bapa kama punje za dengu vinavyotembea juu ya ngozi ya samaki wake ni nini, na je, amwage bwawani dawa ya wadudu ya shambani kama anavyoshauriwa?

Asimwage. Hao ni Argulus. Mtaalamu W. A. Cunnington aliwakusanya ziwani Tanganyika katika safari yake ya 1904–1905, akaandika ripoti kuwahusu mwaka 1913. Watu huwaita chawa wa samaki, na jina hilo linanikera kwa kuwa linaficha siri yao. Chawa hutaga palepale anapoishi, yai likagandia kwenye unywele. Kupe akishashiba damu hudondoka, akaenda kutaga nje, majanini. Argulus ana tabia hiyo ya kupe. Basi mimi namwita kupe-maji, ingawa kwa ukoo yuko karibu na kamba na kaa.

Nilimtia mmoja kwenye glasi, nikammulika kwa tochi ya simu. Mwili wake unapitisha mwanga. Ana macho mawili meusi, na chini vikombe viwili vya kumng'ang'ania samaki. Jike akijaa mayai huachia vikombe, huogelea kwa miguu minane hadi kwenye kitu kigumu, jiwe au nguzo, akabandika mayai kwa safu, mamia kwa mamia.

Sasa mfikirie kuku. Mama mwenye nyumba hahangaiki naye vichakani. Humwekea kikapu chenye majani makavu penye kiza, kuku akaingia mwenyewe, mama akaokota mayai. Humwachia moja, asije akakihama kiota. Kupe-maji haachiwi hata moja: akishataga amekwenda zake, hageuki nyuma. Kikapu chake ni ubao. Ning'iniza mbao bwawani, kila wiki zitoe, kwangua mayai mbali na maji, zianike juani mpaka zikauke, uzirudishe. Njia hii imejaribiwa kwenye mabwawa ya trauti Uingereza, na mayai yakavunwa kwa wingi. Norwe wanawachoma chawa wa samoni kwa leza inayoongozwa na kamera. Sisi tuna msumeno na kamba.

Sumu inayoua kupe-maji huua pia jamaa zake wadogo, kopepodi, ambao ndio chakula cha ndagala. Na maji ya bwawa huishia ziwani. Tanganyika ina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yake mengi hupotea kwa mvuke, na mvuke hauchukui sumu.

Ubao hupunguza, haumalizi, na mawe mengi pembeni huyavuta majike, kwa hiyo yaondoe kwanza. Ukitoa ubao, uinamishe mwangani. Safu changa zina rangi ya manjano hafifu. Zikiwa za kahawia umechelewa. Wiki ijayo utoe siku mbili mapema.