Jina Lako Kamili Ni Nani?

Mkaazi wa Kianda, huko Kibera jijini Nairobi, anayehitaji kuongezwa damu hawezi kuipata katika zahanati zilizo karibu na nyumba yake. Awe mama aliyevuja damu nyingi baada ya kujifungua, mtoto aliyerudi na malaria kutoka mashambani, au kijana mwenye selimundu, atakimbizwa Hospitali ya Mbagathi au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Huko jamaa zake hutuuliza, "Sista, hii damu ni safi?" Wana haki ya kuuliza. Lakini hatari inayonikosesha raha zaidi kama muuguzi ni damu safi kabisa kuingia katika mwili wa mtu ambaye haikuandaliwa kwa ajili yake.

Kuhusu usafi, nchi yetu imepiga hatua. Bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, liliua watu zaidi ya 200 na kujeruhi maelfu, na mahitaji ya damu siku hiyo yalionyesha kwamba hatuwezi kuiachia kila hospitali ihangaike peke yake. Miaka michache baadaye tukawa na huduma ya taifa ya kukusanya na kupima damu. Damu inayotolewa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende.

Kupatana kwa damu ni jambo jingine. Mwaka 1901, Karl Landsteiner wa Vienna alionyesha kwamba damu za watu zina makundi. Mtu wa kundi O hubeba tangu utotoni kingamwili zinazopinga damu ya A na ya B, hata kama hajawahi kuongezwa damu maishani. Akiwekewa damu ya A, kingamwili hizo huzipasua seli ngeni ndani ya mishipa. Presha huporomoka, figo hushindwa kufanya kazi, na anaweza kuanza kuvuja damu isiyoganda. Mililita chache tu zinatosha kuanzisha balaa hilo.

Maabara huchanganya kiasi kidogo cha damu ya mfuko na ya mgonjwa kuona kama zinapatana. Hata hivyo, maabara hupima kilichomo kwenye chupa ya damu ya mgonjwa. Chupa ikiwa na jina la mtu mwingine, jibu litatoka sahihi kwa mtu asiye sahihi. Ndiyo maana chupa huandikwa jina papo hapo kando ya kitanda, mara tu damu inapotolewa. Kuiandika baadaye mezani, pamoja na chupa za wengine, ni kuchezea maisha ya watu.

Wodi inayopokea watu kutoka Kibera inaweza kuwa na kina Achieng wawili, kina Otieno watatu na kina Wanjiru kadhaa kwa wakati mmoja. Muuguzi akiuliza, "Wewe ni Achieng?", mgonjwa mwenye homa kali ataitikia tu, hata akiwa Akinyi. Swali linalofaa ni, "Jina lako kamili ni nani?" Kisha wauguzi wawili, kila mmoja kwa macho yake, hulinganisha jina, nambari ya hospitali, kundi la damu, nambari ya mfuko na tarehe ya kuharibika. Kwa mtoto mchanga au mtu aliyezimia, jamaa yake humjibia, na mkanda wa mkononi husomwa.

Kabla ya kuanza tunapima joto, mapigo ya moyo, presha na pumzi. Mfuko ukishatoka kwenye friji ya damu, uanze kutumika ndani ya dakika 30 na uishe ndani ya saa 4, kwa sababu bakteria hustawi kwenye damu iliyopoteza baridi. Usiombe upashwe kwa maji ya moto. Joto hilo huharibu seli. Wala dawa au maji ya glukosi hayapitishwi kwenye mpira unaopitisha damu. Dakika 15 za mwanzo damu hutiririka polepole na muuguzi hukaa karibu, kisha vipimo hurudiwa.

Wewe uliyekaa kando ya kitanda una kazi pia. Mgonjwa akitetemeka, akipata homa, akiwashwa mwili, akilalamikia mgongo au kifua, akihema kwa shida, au mkojo wake ukiwa mweusi, ita muuguzi wakati huo huo. Atafunga damu kwanza, aache mshipa wazi kwa maji ya chumvi kupitia mpira mpya, amwite daktari na kukagua majina upya. Mfuko hautupwi, hurudishwa maabara ukachunguzwe.

Kwa hivyo, ndugu yangu wa Kianda, ukiulizwa jina la mgonjwa wako kwa mara ya tatu, usikasirike. Lijibu lote, hadi la mwisho. Na ukiona mfuko unatundikwa bila mtu kuuliza, sema kwa heshima: "Sista, tafadhali tusomee jina lililoandikwa hapo."