Askari Arudipo Nyumbani na Maji Hayajaondoka Shambani

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya mgeni, lakini humfaa pia baba mwenye nyumba ambaye kazi ya ulinzi imemweka mbali na jamaa yake kwa mwaka mzima au zaidi. Arudipo, siku ya kwanza huchinjiwa kuku. Siku ya pili majirani huja kumpa pole ya safari. Siku ya tatu jembe humngoja nyuma ya mlango. Huko Kajaga, magharibi ya jiji la Bujumbura, upande wa barabara iendayo Gatumba na Uvira, jembe hilo laweza kungoja zaidi ya siku tatu, kwa sababu shamba lenyewe bado li chini ya maji.

Askari wengi wa Burundi wanaijua hali ya kurudi baada ya safari ndefu. Kikosi cha kwanza cha nchi hiyo kiliwasili Somalia mwezi wa Desemba 2007 chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na kwa miaka 17 familia nyingi zilizoea kuhesabu miezi ya kumngoja baba, kaka au mwana. Wengine, wanajeshi na polisi, walipelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ujumbe wa ATMIS ulipomalizika tarehe 31 Desemba 2024, Burundi haikuingia katika ujumbe ulioufuata huko Somalia, na vikosi vyake vikarejea. Kurejea huko ni furaha kubwa. Hata hivyo, kurudi nyumbani nako ni kazi, na kama kazi zote, ina utaratibu na adabu zake.

MVUA IMEKOMA, MAJI YAPO

Warundi hugawa mwaka wa kilimo katika misimu mitatu. Agatasi hupandwa mvua zinapoanza, tangu mwezi wa Septemba. Impeshi hupandwa tangu Februari na kuvunwa kiangazi kinapoingia. Ici ni msimu wa kiangazi chenyewe, ambapo watu hulima mabondeni penye unyevu. Mkulima wa milimani huutazama mwezi wa Juni kwa furaha, kwani mbingu zimetakata na maharagwe yamekauka. Lakini mkulima wa ufukweni hutazama mbingu kwa jicho moja na ziwa kwa jicho la pili.

Sababu yake ni umbo la ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hufika karibu mita 1,470. Mito mingi humimina maji yake humo, Rusizi ukiwa mmojawapo, bali mto utokao ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji hayatoki kwa mto bali huondoka kwa kukaushwa na jua na upepo. Ndiyo maana ziwa hufika juu kabisa mwishoni mwa masika, Aprili au Mei, kisha hushuka polepole mpaka Oktoba au Novemba. Mvua yaweza kukoma kwa siku moja. Maji ya ziwa hayana haraka hiyo.

Jambo hili halikuanza jana. Stanley alipoufikia mlango wa Lukuga mwaka 1876, aliukuta umezibwa na matope na magugu. Miaka michache baadaye maji yalizidi, yakaubomoa mlango huo, na ziwa likashuka sana. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 lilipanda tena, likafika kilele chake mwaka 1964. Katika miaka yetu hii, Aprili 2020, mto Rusizi ulivunja kingo zake na kuwatoa maelfu ya watu wa Gatumba katika nyumba zao. Ziwa likapanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, hata bandari ya Bujumbura ikaingiwa na maji. Mwezi wa Aprili 2024 serikali na Umoja wa Mataifa waliomba msaada kwa pamoja, kwani watu zaidi ya 200,000 nchini walikuwa wamepatwa na madhara ya mvua na mafuriko tangu Septemba iliyotangulia.

SAJINI NA MIKATO YA MCHIKICHI

Msomaji na amfikirie sajini mmoja, mfano wa wengi, afikaye Kajaga mwezi wa Mei na begi lake begani. Barabara anaijua, lakini njia ya kwake imekuwa mfereji. Anavua viatu na kukunja suruali. Kiwanja alichokiacha na mihogo sasa kina matete, na vyura wanalia mchana kweupe. Nyumba imesimama, lakini ukutani pana mistari ya matope kama ngazi. Mtoto aliyemwacha akitambaa anakimbilia nyuma ya khanga ya mama yake na kuuliza, "Mama, mgeni huyu ni nani?"

Neno hilo la mtoto huchoma kuliko jua la Mogadishu. Baba mwenye busara hamkemei mtoto wala hamlazimishi kumkumbatia. Hukaa chini, huongea na wengine, humwacha mtoto amzoee kwa muda wake mwenyewe. Upendo wa mtoto haupatikani kwa amri.

Kisha yapo mambo ya mama nyumbani. Katika miezi yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa kamanda. Maji yalipoanza kuingia, aliamua kuing'oa mihogo kabla haijakomaa, kwa kuwa alijua kwamba muhogo ukikaa katika maji huoza kwa siku chache. Miti yake aliifunga mafungu, akaisimamisha kivulini kwa kaka yake penye mwinuko, ili iwe mbegu ya msimu ujao. Mbuzi aliwahamisha, mmoja akamwuza, akalipia mahitaji ya shule na vyandarua. Jiko aliliinua juu ya matofali. Sajini huyu, aliyezoea kuulizwa ruhusa hata ya kuwasha moto, anasikia yote haya na kusema, "Mbuzi yule ungeningoja."

Mama anajibu kwa upole: "Baba watoto, njaa nayo ingengoja?"

Hapo ndipo nyumba nyingi hujikwaa. Mume aliyekuwa mbali hurudi na ramani ya nyumba iliyokuwapo siku alipoondoka, akataka kila kitu kikae mahali pake pa zamani. Lakini nyumba, kama ziwa, haikai palepale. Siku za kwanza ni za kusikiliza. Kikosi kinapopokea zamu, hakianzi kwa kubadili malindo. Kwanza huuliza waliokuwapo zamu ya jana waliona nini. Adabu hiyo ya jeshini ikiletwa nyumbani, nusu ya ugomvi huisha.

Sajini ana akiba yake aliyoirudisha kutoka safarini. Nia yake ni kuujenga upya ukuta, mnene zaidi na wa saruji, palepale ulipokuwa. Mama hakatai. Anamwambia tu, "Ukuta nitaukubali, baba watoto, ila kwanza njoo uone." Anampeleka mpaka kwenye mchikichi ulio nyuma ya nyumba. Shinani pana mikato miwili ya panga. "Huu wa chini ni wa maji ya mwaka 2021. Huu wa juu ni wa 2024. Yote miwili wewe hukuwepo. Sasa saruji utakayoileta, itakaa chini ya mkato upi?"

Sajini ananyamaza. Kisha anafanya jambo analolijua: anakwenda ukingoni mwa maji na kuhesabu hatua zake za gwaride kurudi nyumbani. Hata mia hazitimii. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kutoka ufukwe wa Tanganyika usiojengwa, na ziwa lenyewe limekuja kuipima sheria hiyo kwa miguu yake. Usiku ule hawagombani. Wanakaa karibu na taa na kuanza kupiga hesabu kwa pamoja.

AKIBA NA HATI

Fedha ya askari hutoka jasho, na pengine damu. Haifai kuzikwa matopeni. Familia ya ufukweni yenye uwezo wa kupata kiwanja penye mwinuko, hata kidogo, na ihamishe nyumba huko, na shamba la chini libaki shamba. Ununuzi usifanywe kwa maneno matupu. Wawepo mashahidi na majirani wa mipaka, na hati iombwe katika ofisi ya ardhi ya tarafa.

Hapa kuna jambo moja ambalo waume wengi husitasita kulitamka. Nchini Burundi urithi wa ardhi huendeshwa kwa mila, na mara nyingi mila humpa mwanamume. Askari ajua kuliko mtu yeyote kwamba si kila anayeondoka hurudi. Hati yenye majina mawili, la mume na la mke, humlinda mjane na watoto siku ambayo hakuna apendaye kuitaja. Kuandika jina la mke hakumpunguzii mume heshima. Ni ulinzi, na ulinzi ndiyo kazi yake.

SHAMBA LA CHINI LISIACHWE

Maji yanaposhuka huacha udongo wa rutuba, na mwenye subira hufaidika. Kosa la kwanza la mwenye haraka ni kulima udongo ukiwa bado tope, kwani hugandamana na kuwa kama tofali. Kipimo chake ni rahisi: mkulima achukue udongo wa kina cha jembe, aufinye katika kiganja, kisha aubonyeze kwa kidole. Ukimeguka, na alime. Ukibaki donge linalong'aa, na angoje.

Penye maji yasiyoondoka, mpunga na majimbi hustahimili. Panapoanza kukauka, lengalenga hufaa sana, kwa maana mboga hiyo huchumwa baada ya wiki tatu au nne, na nyumba hupata kitoweo cha kuandamana na ndagala huku mazao mengine yakingojewa. Viazi vitamu na maharagwe vipandwe juu ya matuta yaliyoinuliwa, na kati ya matuta uachwe mfereji. Mihogo irudishwe mwisho, ardhi ikiwa imekauka sawasawa. Miti iliyohifadhiwa kivulini ndiyo itakayotumika.

Mifereji ni kazi ya majirani wote. Mtu mmoja akichimba peke yake, huyahamishia maji yake shamba la mwenziwe. Askari aliyejifunza kuchimba mahandaki ana elimu ya kuwapa jirani zake, mradi aje kama jirani na wala si kama mkubwa wa kikosi.

AFYA NA USALAMA

Maji yaliyotuama hukusanya taka za vyoo vilivyofurika. Maji ya kunywa na yachemshwe daima, hata yaonekanapo safi, na mikono inawe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka msalani. Mtoto akiharisha, apewe mara kwa mara maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Kuharisha kwa maji mengi kama ya mchele ni dalili ya kipindupindu. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja, huku akinyweshwa njiani. Chandarua kitumike kila usiku, kwa watu wazima kama kwa watoto.

Mwisho, kiboko. Maji yakipanda, yeye naye husogea, na delta ya Rusizi ni makao yake ya asili. Hutoka usiku kula majani. Asitembee mtu ufukweni jioni wala alfajiri, wala asisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Silaha ya mwenye akili hapo ni kukaa mbali.

Kwa hiyo sajini wa mfano wetu hajengi ukuta wake. Kila asubuhi anapima maji kwa kijiti alichokichomeka karibu na mchikichi, na mtoto, ambaye mwanzo alimtazama kwa mbali, sasa anamfuata kuona kijiti. Wiki ya kwanza maji hayaonekani kupungua. Wiki ya tatu upana wa vidole viwili umebaki mkavu. Mwezi wa Julai tuta la kwanza linaonekana, jeusi na laini.

Asubuhi moja baba anaufinya udongo, anaubonyeza kwa kidole, nao unameguka. Kabla hajageuka, anasikia kitu kikiburuzwa njiani. Mtoto amelitoa jembe nyuma ya mlango, mpini ukiwa mrefu kuliko yeye mwenyewe.

"Baba," anasema, "mama amesema hili ni lako."