Semina za maofisa uhusiano: Ngara na Biharamulo zinafaidika nini?

Na Mwandishi Wetu

MAOFISA habari, mawasiliano na uhusiano wa wizara, mikoa, halmashauri na mashirika ya umma nchini wamezoea kukutana katika kikao kazi kinachoandaliwa na Idara ya Habari (MAELEZO) kwa kushirikiana na Chama cha Maofisa Mawasiliano Serikalini (TAGCO). Kikao hicho huhamishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine, na washiriki hupigwa msasa kuhusu uandishi wa taarifa, matumizi ya mitandao ya kijamii, itifaki na namna ya kuzungumza na vyombo vya habari.

Kwa mwananchi wa kawaida, shughuli kama hizo ni jambo la mbali. Wapo wanaoziona kuwa ni safari za posho, chakula cha hoteli na mikoba yenye nembo. Serikali ya Awamu ya Tano ilipoingia madarakani Novemba 2015 iliwahi kubana semina na safari za nje kwa hoja ya kuokoa fedha za umma, na hatua hiyo ilipokewa kwa shangwe na watu wengi.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: mafunzo hayo yanamsaidia nini mkazi wa Ngara au Biharamulo, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera zilizo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam? Jibu linapatikana katika yale yaliyozikumba wilaya hizo kwa nyakati tofauti.

Siku sita za Januari

Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa limepokea taarifa za watu tisa waliohisiwa kuwa na ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera, wanane kati yao wakiwa wamefariki dunia. Wilaya zilizotajwa ni Biharamulo na Muleba.

Mara baada ya tangazo hilo, Wizara ya Afya, iliyokuwa ikiongozwa na Waziri Jenista Mhagama, ilieleza kuwa sampuli za watu wote waliohisiwa zilikuwa zimepimwa na hazikuonyesha virusi hivyo. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika.

Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika Machi 13, 2025. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa wawili waliothibitishwa na wengine wanane waliohesabiwa kuwa huenda waliugua. Wote 10 walifariki dunia.

Kati ya Januari 14 na Januari 20 zilipita siku sita. Katika siku hizo, mkazi wa Biharamulo mwenye simu alikuwa na kauli mbili zisizofanana, na asiye na simu alikuwa na maneno ya sokoni na ya kijiwe cha bodaboda. Marburg huambukizwa kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Dalili zake za mwanzo, kama homa kali, kuumwa kichwa, kutapika na kuharisha, zinafanana na za malaria. Hadi wakati huo hakukuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa dhidi yake. Katika hali hiyo, mtu anayeamua kumwosha marehemu, kumpeleka mgonjwa hospitali au kumficha nyumbani, anaamua kwa kutegemea neno alilolisikia na kuliamini.

Hapo ndipo kazi ya ofisa habari inapopimwa. WHO ilitoa mwaka 2005 mwongozo wa mawasiliano wakati wa milipuko ya magonjwa, unaosimama juu ya mambo matano: kujenga imani, kutangaza mapema, kuwa wazi, kuwasikiliza wananchi na kujipanga kabla ya tukio. Kwa lugha ya kawaida, msemaji anafundishwa kusema mambo manne kila anapozungumza: nini kinajulikana, nini bado hakijajulikana, nini kinafanyika, na lini atarudi na taarifa nyingine.

Jambo la pili ndilo gumu kuliko yote. Ofisa aliyezoea kusoma taarifa iliyokwisha kupitishwa huona kusema "bado tunasubiri majibu" ni udhaifu. Kumbe kauli hiyo ndiyo inayolinda kauli ya kesho yake. Akikanusha kwa uhakika leo na kesho akathibitisha, wananchi watajiuliza waamini lipi, na swali hilo litamfuata hata siku atakaposema kweli tupu. Ustadi wa namna hiyo hauji kwa kusoma kijitabu usiku wa dharura. Huja kwa mazoezi ya kuigiza tukio: washiriki hupewa kisa, hutakiwa kuandika taarifa ndani ya nusu saa, na kuhojiwa na wenzao kama wanavyohojiwa na waandishi.

Kagera ilikuwa na uzoefu wa karibu. Mlipuko wa kwanza wa Marburg nchini ulitangazwa Machi 21, 2023 katika Wilaya ya Bukoba na kumalizika Juni 2 mwaka huo, ukiwa umeua watu sita kati ya tisa waliougua. Swali la kuulizwa katika kikao chochote cha maofisa habari baada ya hapo ni hili: mafunzo ya Bukoba yalifika Biharamulo kwa njia gani, na nani aliyafikisha?

Ngara ilijifunza kwa wakimbizi

Wilaya ya Ngara, inayopakana na Rwanda na Burundi, ina historia yake katika fani hii. Aprili 28 na 29, 1994, katika muda wa saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Kambi ya Benaco ikageuka kuwa mji mkubwa ndani ya siku chache.

Watu wengi namna ile, waliopoteza ndugu na wasiojua kesho yao, walihitaji maji, chakula na dawa. Walihitaji pia habari: wapi mgawo unatolewa, nani anamtafuta nani, na nyumbani kuna hali gani. Mwaka 1995, Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi (JRS) lilianzisha Radio Kwizera wilayani humo. Neno "kwizera" kwa Kinyarwanda na Kirundi lina maana ya kutumaini au kuamini.

Funzo la redio hiyo kwa maofisa uhusiano wa sasa ni kwamba ujumbe humfikia mtu kwa lugha anayoielewa na kwa chombo alichonacho. Wenyeji wa Ngara huzungumza Kihangaza na Kishubi, na Kihangaza kiko karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda. Taarifa iliyowekwa mtandaoni kwa Kiswahili cha ofisini inaweza kumfikia mwandishi aliyeko Dar es Salaam kabla ya kumfikia bibi aliyeko kijijini, ilhali yeye ndiye aliyekusudiwa.

Nikeli, dhahabu na maswali ya fidia

Uwanja mwingine ni uwekezaji. Januari 2021, Serikali ilisaini makubaliano na kampuni ya Kabanga Nickel kuhusu mradi wa nikeli wilayani Ngara, na kuundwa kampuni ya Tembo Nickel ambayo Serikali ina asilimia 16 ya hisa. Huko Biharamulo, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, uliofunguliwa mwaka 2005 na kuendeshwa na Barrick, ulichukuliwa mwaka 2013 na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO).

Mradi wa aina hiyo huzaa maswali kabla ya kuzaa madini. Nani atahama? Shamba la migomba linathaminiwa vipi? Ajira za vijana wa vijijini ni ngapi? Ofisa uhusiano wa kampuni na ofisa habari wa halmashauri huulizwa maswali yaleyale, wakati mwingine katika mkutano mmoja. Majibu yao yakipishana, wananchi hudhani kuna linalofichwa.

Katika fani hii, somo la uhusiano na jamii linasisitiza kuweka daftari la malalamiko, kulijibu kila lalamiko kwa tarehe, na kurudi kijijini hata pale ambapo hakuna habari njema ya kupeleka. Mtaalamu wa uhusiano anayekwenda kijijini siku ya kukata utepe pekee hajafanya uhusiano wa umma, amefanya sherehe.

Sheria nayo inadai

Suala hili si la hiari kwa taasisi za umma. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inazitaka taasisi zinazohusika kuwa na ofisa wa kushughulikia maombi ya taarifa, na kumjibu mwombaji ndani ya siku zisizozidi 30. Ofisa asiyeijua sheria hiyo atamwambia mwananchi "njoo kesho" hadi achoke. Anayeijua atapokea ombi kwa maandishi, atalifuatilia, na akilikataa atatoa sababu.

Wenzetu wanafanyaje?

Nchi nyingine zimekwenda mbali katika kuifanya kazi hii kuwa taaluma yenye masharti. Kenya ina Chama cha Uhusiano wa Umma tangu mwaka 1971, na shirikisho la vyama vya Afrika lilianzishwa Nairobi mwaka 1975. Nigeria iliipa taasisi yake nguvu ya sheria mwaka 1990. Nchini Uingereza, taasisi ya taaluma hiyo iliyoanzishwa mwaka 1948 ina utaratibu wa kujiendeleza ambapo mwanachama hukusanya alama kila mwaka kwa kuhudhuria kozi, kusoma na kuwafundisha wengine.

Jambo la kuiga hapo ni kwamba kujiendeleza huhesabiwa kwa kile mtu alichojifunza na kukitumia. Kuketi ukumbini ni sehemu ndogo tu.

Nini cha kudai

Mkurugenzi wa halmashauri anayesaini kibali cha safari ya ofisa wake, pamoja na madiwani wanaopitisha bajeti hiyo, wana haki ya kuuliza maswali machache. Je, ofisa amerudi na mpango wa mawasiliano ya dharura ulioandikwa, wenye majina ya wasemaji na namba za redio za jamii? Je, amewafundisha watendaji wa kata na vijiji, ambao ndio wanaoulizwa kwanza? Je, mganga mkuu wa wilaya na ofisa habari wamewahi kufanya zoezi pamoja kabla ugonjwa haujabisha hodi?

Aidha, waandaaji wanaweza kuyasogeza mafunzo karibu na wahitaji. Zoezi la siku moja kwa ajili ya Ngara, Biharamulo na jirani zao, likiwashirikisha watangazaji wa redio, wahudumu wa afya, viongozi wa dini na maofisa wa mpakani Rusumo, litagharimu kidogo kuliko kumsafirisha kila mmoja kwenda pwani. Pia litawakutanisha watu watakaolazimika kupigiana simu usiku siku ya tukio.

Semina ya maofisa uhusiano haipaswi kupimwa kwa idadi ya waliohudhuria wala kwa cheo cha mgeni rasmi. Kipimo chake ni siku ambayo uvumi utaingia sokoni Biharamulo asubuhi, na kabla ya jua kuzama mwananchi awe amesikia, kwa lugha yake na kutoka kwa mtu anayemwamini, nini cha kufanya na nini cha kuacha.