Mbwa Wako Akiburuta Miguu ya Nyuma

Ikiwa wafuga mbwa mkubwa wa kulinda boma, kama wale wa Kijerumani walioko Kitale na Bungoma, huenda siku moja ukamwona akiburuta miguu ya nyuma. Mimi ni daktari wa watu, lakini majirani huniuliza: "Daktari, si apigwe eksirei tu?"

Ngoja kwanza. Mbwa aliyelegea ghafla, anayedondokwa mate na kushindwa kumeza, aweza kuwa na kichaa cha mbwa cha aina ya kupooza, ambacho mara nyingi hakina ukali. Usimtie mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa! Mwite daktari wa mifugo. Akikuuma, akikuparura, au mate yake yakigusa kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo. Dalili zikishakuanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Ikiwa amelegea polepole kwa miezi, akilia ukimgusa kiuno, hapo picha ina kazi. Hudungwa dawa ya usingizi ili atulie. Eksirei huonyesha pingili ya saba ya kiuno na mfupa unaoifuata, si mishipa ya fahamu. Picha yaweza kuwa safi kumbe mshipa umebanwa. Mshipa huonekana vyema kwa MRI, mashine ya sumaku, ambayo gharama yake si mchezo. Kabla ya kulipa, uliza: je, picha hii itabadilisha matibabu? Nawe nenda na kadi yake ya chanjo.