RANGI YA UNGA NI YA CHUMA, KIATU CHAKO NI NGOZI

Ndugu mfanyakazi, kwaruza kwa ukucha mlango wa kabati la chuma unamoweka nguo zako. Mara nyingi rangi yake haitoki. Hiyo ni rangi ya unga. Basi wengine huuliza: mbona viatu vyetu vya kazi havipakwi rangi hiyo, visiingie maji? Swali hilo lina haki yake. Kuanzia Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, hadi kwenye dhahabu ya Kabambare, matope hayampi mtu likizo.

Sikiliza namna inavyopakwa. Unga mkavu hupulizwa kwa bastola inayoutia umeme. Chuma kimeunganishwa na ardhi, kwa hiyo unga hukivamia na kung'ang'ania. Kisha chuma huingizwa katika tanuri, joto la digrii 160 hadi 200, kwa muda wa dakika kumi au ishirini. Unga huyeyuka, ukawa ganda moja gumu. (Anayefanya kazi hiyo avae kinyago, na cheche zikae mbali: unga mwembamba ukijaa hewani unaweza kulipuka, sawa na unga wa mahindi.)

Sasa mtie ng'ombe katika tanuri hilo! Ngozi mbichi yenye maji hujikunja kwenye digrii 60 na kitu. Iliyotengenezwa kwa magome ya miti hufika 70 au 80. Ya kromu, ambayo ndiyo ya viatu vingi vya kazi, huvumilia hata karibu na maji yanayochemka, lakini si digrii 180. Wataalamu wamejaribu unga unaoyeyuka kwa joto dogo na kukaushwa kwa mwanga wa pekee. Huo umefaa zaidi kwa mbao. Viwanda vya ngozi kwa kawaida hupuliza rangi ya majimaji, nyembamba, inayokunjika. Kiatu chako hukunjwa maelfu ya mara kwa siku. Ganda gumu lingepasuka pale vidole vinapoanzia, maji yangeingia, na jasho lisingepata pa kutokea. Mguu unaoshinda katika maji hulainika, huota ukungu katikati ya vidole, halafu kidonda. Mwenye kidonda mguuni hawezi kuruka upesi jiwe likiporomoka.

Kwa hiyo usipake viatu vyako rangi iliyobaki ya mlango au ya baiskeli.

Na wewe mama wa nyumbani, hapa tunakuomba msaada. Mume amerudi na viatu vimelowa, kesho ana zamu ya asubuhi, na mbabula ina makaa mekundu. Usiviweke hapo! Moto huondoa mafuta ya ngozi pamoja na maji. Asubuhi utakuta kiatu kigumu kama ubao, na gundi ya soli imeachia. Osha matope kwa maji baridi, legeza kamba, toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu (hata hili, mkishalisoma), kisha tundika kivulini penye upepo. Badilisha magazeti yakilowa. Kikishakauka, paka mafuta au dawa ya viatu kidogo, hasa kwenye mshono.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawaambiwi. Kromu iliyomo katika ngozi, ikipata joto kali au ikichomwa, inaweza kugeuka kuwa kromu ya aina mbaya, inayowasha ngozi ya mtu na kudhuru mapafu. Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2015, hauruhusu zaidi ya miligramu 3 za kromu hiyo katika kilo moja ya ngozi inayogusa mwili. Basi viatu vikuukuu visiwe kuni za kupikia, na majivu yake yasimwagwe katika bustani ya mboga.

Kiatu kilichopasuka hata chuma cha mbele kikaonekana, usikishone tena. Kipeleke kwa msimamizi wako kabla ya zamu, uombe kingine.