Mbaazi Usilaumiwe Bure

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Sijui kama ipo methali tunayoipenda sisi walimu kuliko hii wakati wa kurudisha karatasi za mitihani. Mwanafunzi akiteta kwamba swali lilikuwa na walakini, tunamrushia methali hiyo, naye hunywea. Mimi niliacha kuitumia ovyo, na miongoni mwa vilivyonifunza adabu hiyo ni mchezo wa tarakilishi.

Nilipokuwa Uingereza nikisomea shahada ya uzamifu, mwenye nyumba niliyopanga alikuwa amehifadhi tarakilishi ndogo ya ZX Spectrum, aina iliyotoka mwaka wa 1982. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 48 tu, na michezo yake ilisomwa kutoka kwenye kaseti. Mmojawapo ulikuwa Manic Miner wa mwaka wa 1983, uliotungwa na Matthew Smith, kijana wa miaka 17. Mchimba madini aitwaye Willy hupita mapango 20 akiruka kutoka jukwaa hadi jukwaa na kuokota funguo, huku hewa ikimwishia. Akisharuka, hawezi kugeuka. Akikosea kidogo tu, hufa. Maisha yake yakiisha, hurudishwa pango la kwanza. Nilikesha nao Jumamosi nyingi nikiulaani. Hata hivyo, kila nilipoanguka nilijua kosa ni langu. Maadui walipita njia ile ile kila mara, na kanuni hazikubadilika. Ulikuwa mgumu, lakini ulikuwa wa haki.

Mwaka wa 1984 ukafuata Jet Set Willy. Safari hii Willy, aliyekwisha kutajirika, haruhusiwi kulala kabla ya kukusanya vitu vilivyotapakaa jumbani mwake baada ya karamu. Lakini mchezaji aliyeingia chumba cha darini aliharibikiwa bila kujua: mshale uliopita humo ulivuruga kumbukumbu ya tarakilishi, na baadhi ya vyumba vingine vikawa mauti matupu. Hakuna ustadi ambao ungemfikisha mwisho. Kampuni iliyouuza, Software Projects, ilidai kwanza kwamba hayo yalikusudiwa. Baadaye ikakiri kuwa ni dosari na kutoa marekebisho.

Niliposimuliwa kisa hicho nilicheka. Kicheko kilinikauka miaka kadhaa baadaye, nikiwa mhadhiri. Niliwatungia wanafunzi wa mwaka wa kwanza swali la fonolojia: maneno 12 ya lugha wasiyoijua, watoe kanuni moja ya mabadiliko ya irabu. Karibu wote walianguka. Niliwakaripia, na mbaazi nikautaja. Darasa lilipotoka, binti mmoja alibaki nyuma.

“Daktari, niwie radhi,” akasema. “Neno la saba linaivunja kila kanuni niliyojaribu.”

Nililitazama. Nilikuwa nimeipiga chapa irabu moja vibaya. Jibu nililompa bado linaniaibisha: “Nilitaka kuona nani atagundua.”

Usiku huo nilimkumbuka Willy darini. Juma lililofuata nilisimama mbele ya darasa, nikakiri, nikalifuta swali hilo na kuzisahihisha upya karatasi zote. Lakini binti yule alikuwa amelipigania swali hilo muda mrefu hata akayaacha mengine bila kuyajibu. Muda huo sikuweza kumrudishia.

Walimu wenzangu, sisemi mitihani irahisishwe. Ugumu ulio na kanuni zisizoyumba humkomaza mwanafunzi. Yeye huanguka, hujifunza alipokosea, huinuka. Swali lisiloweza kujibika halipimi chochote isipokuwa uvumilivu wa mnyonge. Basi kabla ya kuwapa watahiniwa swali, tulijibu wenyewe kwanza, na tukikosea tukiri mapema.

Nanyi wanafunzi, msikimbilie kulilaumu jua. Jaribuni kwanza kama alivyojaribu binti yule, kisha mje mtuonyeshe neno la saba. Mwalimu wa kweli atalitazama.